Rotaksani yako inang'aa hafifu? Usishangilie bado

Nianze na aibu yangu. Miezi karibu saba nilikuwa natengeneza rotaksani, yaani molekuli ya pete imevishwa kwenye molekuli ya uzi halafu ncha zote za uzi zinawekewa vizibo vikubwa pete isichomoke, kama shanga iliyopigiwa mafundo huku na huku. Kwenye pete nimebandika fulerini C60 (mpira wa atomi 60 za kaboni) ipokee elektroni, na vizibo vyangu ni porfirini za zinki, molekuli za rangi, hizo ndo zinanasa mwanga na kutoa elektroni. Lengo ni mwanga ukipiga, elektroni ivuke kutoka porfirini kwenda fulerini na ikae huko, yaani chaji zitengane.

Kuvisha nilifuata ile njia ya shaba ya mwanakemia Sauvage ya 1983, ambapo ayoni ya shaba inashika pete na uzi pamoja. Aisee hiyo hatua tamu, pete na shaba ziko kwenye chupa zina rangi hafifu tu, unadondoshea uzi, mara nyekundu pyu!

Nikapima, mng'ao wa porfirini umezimika karibu wote, nikachukulia ni kwa sababu elektroni imevuka. Nikajua nimemaliza kazi. Supavaiza akaniuliza kitu kimoja tu, hiyo elektroni ikishavuka inakaa huko muda gani? Kimya.

Kipimo cha leza, kinachofuatilia elektroni ikienda na kurudi, ndo kikaniumbua. Uzi wangu ulikuwa mlaini mno, na porfirini na fulerini zinapendana balaa, ukiziachia nafasi zinakumbatiana, kwa hiyo elektroni inaruka na kurudi palepale. Sikuwa nimetenganisha chaji yoyote ya maana.

Kwa hiyo we unayeanza, chora kwanza njia ambayo elektroni itarudia. Weka uzi mgumu, uliojengwa kwa pete za benzini na asetilini badala ya minyororo inayojikunja. Fulerini usiitupe, ile ni mpira mgumu, ikipokea elektroni haibadiliki umbo sana, na ukipanga nishati vizuri kurudi kunakuwa kwa polepole kama alivyoeleza Marcus, mwanakemia wa nadharia ya elektroni kuruka. Shaba nayo usikimbilie kuing'oa, inaweza kuwa kituo cha katikati, chaji inapita hapo hadi zinakaa mbali kabisa.

Na mng'ao kuzimika siyo ushahidi, maana nishati inaweza kuhamia kwenye fulerini au shaba bila elektroni yoyote kuvuka. Kwenye kipimo cha leza tafuta alama mbili za kunyonya mwanga, ya fulerini yenye elektroni ya ziada kwenye nanomita 1000 hivi, na ya porfirini iliyopoteza yake. Zote zizaliwe na zife pamoja.

Halafu pitisha gesi ya argoni kwenye sampuli utoe oksijeni, maana inavuruga kipimo. Mimi nilisahau, siku nzima ya leza niliyoisubiri foleni wiki tatu ikaenda na maji.