PDF ni kapu tu: grafu zangu zilivyoniaibisha hadi nikajifunza vekta

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, grafu nimeitoa kwenye programu ya hesabu ya MATLAB kama PDF, kama unavyohimiza kila siku. Mhariri wa jarida kanirudishia, anasema picha ina ukungu. Nimekosea wapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Amenitonesha kidonda.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na bango la A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9, la kutundika kwenye mkutano wa kisayansi. Katikati niliweka grafu moja ya kujivunia, upana wake kama sentimita 40, yenye nukta zaidi ya elfu arobaini. Kwenye skrini ilimeremeta. Na kwa kuwa niliihifadhi kama PDF, nilitembea kifua mbele nikiwaambia wenzangu waliotumia JPEG kwamba wamepitwa na wakati. Mimi ni mtu wa vekta, bwana, michoro inayokuzwa bila kupata ukungu.

Akaja profesa mmoja, akasogeza uso karibu na bango, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii kwenye mhimili ni 3 au 8?"

Sikujua. Data yangu mwenyewe, mchoro wangu mwenyewe, nami nimesimama pale nakodoa macho kama mgeni. Akaguna, akaenda zake. Nikikumbuka ile guno mpaka leo masikio yananiwaka moto.

Usiku ule nikaifungua ile PDF nikaikuza hadi asilimia 6400. Herufi ya vekta hata uikuze vipi kingo zake hubaki kali kama wembe. Yangu iligeuka ngazi ya vijiraba vya kijivu. Picha ya pikseli, yaani ya vijiraba vya rangi kama JPEG, imekaa ndani ya PDF imetulia tuli.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila mwenye kuandika tasnifu alijue kabla hajaaibika: PDF ni kapu tu. Unaweza kutia ndani yake maelekezo ya kuchora, yaani anzia hapa, vuta mstari hadi pale, unene huu, rangi hii. Hayo ndiyo vekta, na ndiyo kazi iliyofanywa na PostScript ya Adobe tangu 1984, kabla PDF haijaja kuirithi 1993. Printa hupokea maelekezo hayo na kuyachora kwa uwezo wake wote. Lakini kapu lile lile linapokea pia picha ya pikseli, na wala halilalamiki. Jina la faili halikwambii kilichomo.

Sasa MATLAB ilipataje kutia picha? Nilipenda kulaumu programu, lakini kosa lilikuwa langu. Maelezo yapo, sikusoma. Mchoro ukiwa mzito na wewe hujasema unataka nini, programu inajiamulia njia ya kuchora, na njia mojawapo huzaa pikseli. Ukitaka vekta, iseme kwa mdomo wako. Kwa matoleo ya zamani niliandika print -dpdf -painters na jina la faili. Tangu toleo la R2020a ipo amri ya exportgraphics, unaipa ContentType yenye thamani vector, basi. Haichukui hata dakika. Dakika hiyo ingeniokoa na profesa.

Nikawa kama mtu aliyeokoka jana. Kila kitu vekta! Nikachukua mchoro wa uso wa 3D wa nukta 1000 kwa 1000, nikaulazimisha uwe vekta. Hesabu mwenyewe: vipande 999 mara 999 ni 998,001, na kila kimoja kinaandikwa kwenye faili kama umbo lake peke yake. Faili ikafura. Kila nikisogeza ukurasa kompyuta inapumua kwa shida, na printa ikatoa nusu ukurasa ikakata tamaa. Hata ile nusu iliyotoka ilikuwa na vistari vyeupe vyembamba kama nyuzi za buibui juu ya rangi yote. Ni mipaka ya vile vipande: programu ya kusomea PDF inapolainisha kingo za kila kimoja, weupe wa karatasi unachungulia katikati.

Ndugu zangu, vekta si dini. Mistari, mihimili, herufi na namba ziwe vekta daima, hapo sitaki mjadala. Uso wenye vipande laki kadhaa uache uwe pikseli, pikseli nyingi za kutosha. Wanaotumia Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa Python, wamerahisishiwa: wanaweka rasterized=True kwenye kile kitu kizito pekee, na herufi zinabaki vekta ndani ya faili ile ile. Na kama ni mstari wenye sampuli laki mbili, zipunguze kabla ya kuchora. Upana wa sentimita 8.9 kwa nukta 300 kwa inchi ni kama nukta 1051 tu. Hizo nyingine unamchorea nani?

Namba hiyo 8.9 sikuiokota. Majarida mengi safu moja ina upana wa karibu sentimita 9. Dirisha la mchoro la MATLAB linafunguka na pikseli 560 kwa 420. Kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi huo ni upana wa kama sentimita 14.8. Ukiubana uingie kwenye safu, herufi za pointi 10 zinakuwa pointi 6, na mstari wa pointi 0.5 unakuwa 0.3, uzi usioonekana. Vekta safi kabisa, isiyosomeka kabisa! Kwa hiyo mimi huweka Units iwe centimeters na Position yenye upana halisi kabla sijachora hata nukta moja. Watu wananiona mgumu. Wananiuliza kwa nini nahangaika na sentimita wakati matokeo bado hayajatoka. Nawaacha. Makala yangu ya mwisho ilikuwa na michoro tisa na mhariri hakugusa hata mmoja. Tisa! Sisemi zaidi.

Na tafadhali acheni kuamini macho. Kuna zana mbili ndogo za bure katika kifurushi cha Poppler. Ukiandika pdfimages -list na jina la faili, inakuorodheshea kila picha ya pikseli iliyojificha ndani. Grafu ya mistari mitupu inatakiwa isitoe kitu. Nyingine ni pdffonts, inayokuonyesha fonti zilizomo na aina yake. Hii wa Matplotlib waipende zaidi, maana bila kuambiwa Matplotlib huweka fonti za Type 3, na yapo majarida yanayozikataa; mpangilio wa pdf.fonttype ukiwa 42 shida imekwisha. Na nyie mnaotumia R, lugha ya takwimu, amri ya dev.off ya kufunga faili mmeiandika? Mnasahau, halafu mnalia faili haifunguki.

Basi nikamwomba yule msomaji anitumie faili yake. Nikapitisha pdfimages. Mstari mmoja ukatoka: picha moja, imejaa ukurasa mzima. Nikamwandikia la kufanya, kwa upole, maana najua anavyojisikia. Kesho yake jibu likaja: "Asante sana kaka, sasa ni vekta kweli, nimekuza hadi mwisho. Ila faili imekuwa megabaiti 60 na printa imegoma."

Nikamuuliza ana nukta ngapi. Anahesabu.