Adui asiyekufa: namna ya kumfuatilia Yagyu Retsudo katika Lone Wolf and Cub

Kila aliyekaa kwenye kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Filamu sita za Lone Wolf and Cub, zilizotoka Japani kati ya 1972 na 1974, zinamlinda steringi wao kama kawaida, ila zina jambo la ziada: adui naye hafi. Yagyu Retsudo, mzee wa ndevu nyeupe anayeongoza ukoo wa Yagyu, anamharibia maisha steringi huyo, Ogami Itto, kwa fitina katika filamu ya kwanza, kisha anarudi, anatoweka, anarudi tena. Wengi wanaoanza mfululizo huu hupotea kwa sababu yake.

Usianzie Shogun Assassin. Hiyo ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo inayoharibu. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1980 kwa kuunganisha dakika kama 12 za filamu ya kwanza na sehemu kubwa ya filamu ya pili, ikawekewa sauti za Kiingereza. Katika kuunganisha huko, Retsudo kageuzwa kuwa shogun mwenyewe, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Ukitoka hapo ukaingia filamu ya nne, hutaelewa huyu mzee ni nani.

Kisa chenyewe kiko hivi. Ogami ni kaishakunin wa shogun, yaani ndiye anayewakata vichwa mabwana walioamriwa kujiua. Yagyu wanakitaka cheo hicho. Wanamuua mkewe, kisha wanaweka ndani ya hekalu la nyumbani kwake kibao cha marehemu chenye nembo ya shogun, ionekane kwamba Ogami anamwombea mkuu wake kifo. Retsudo, kwa hiyo, anajificha nyuma ya jina la shogun. Nguvu zake zote zinatoka hapo. Ukimfanya yeye awe shogun, fitina inakosa maana, na hujui tena kwa nini mtu mwenye jeshi anatuma wauaji kwa siri badala ya kuja mwenyewe.

Tatizo la pili ni sura. Retsudo kachezwa na waigizaji watatu: Ito Yunosuke katika filamu ya kwanza, Endo Tatsuo katika ya nne, na Oki Minoru katika ya tano na ya sita. Usikariri uso. Tafuta ndevu, na sikiliza jina linapotajwa. Maandishi ya tafsiri chini ya picha nayo hayafanani: mengine yanaandika Yagyu Retsudo kwa mpangilio wa Kijapani, mengine Retsudo Yagyu. Ni mtu yuleyule.

Njia nzuri kuliko zote ni kufuata wanawe. Ogami hafaulu kumuua Retsudo, lakini kila mzee anaporudi, hulipa kwa damu ya nyumba yake. Katika filamu ya kwanza ni Kurando, anayepigana na Ogami huku mtoto Daigoro akiwa mgongoni mwa baba yake na kioo kimefungwa kwenye paji la uso. Jua linapiga kioo, Kurando anapofuka kwa nukta moja, basi. Katika ya nne ni Gunbei, aliyewahi kumzidi Ogami mbele ya shogun lakini akakosa cheo kwa sababu ncha ya upanga wake ilimwelekea shogun. Huyo mwangalie kwa makini, maana ni adui mwenye kidonda chake mwenyewe.

Filamu ya tatu haimsogezi Retsudo hata hatua. Itazame siku yoyote. Ya tano anaonekana kidogo tu, ingawa ina mwanzo mzuri ajabu: wajumbe watano, kila mmoja kabeba ryo 100 (sarafu za dhahabu) na kipande kimoja cha kazi, na Ogami, ambaye sasa ni muuaji wa kukodiwa, lazima awashinde wote ili apate malipo yake ya kawaida ya ryo 500. Kama una jioni moja tu, tazama ya kwanza, ya nne na ya sita. Hazizidi dakika 90 kila moja.

Ya sita ndiyo ya Retsudo. Misumi Kenji, aliyeongoza nne kati ya hizi, hayumo. Kiti kakalia Kuroda Yoshiyuki, na vita vya theluji vinapita kiasi, mpaka kigari ambacho Ogami humsukumia Daigoro kinateleza juu ya theluji. Vumilia. Mzee anamtuma bintiye Kaori, fundi wa visu, anampoteza. Anamwendea Hyoei, mwana wa nje ya ndoa aliyemtupa, na Hyoei anakataa kumtumikia. Hapo mwigizaji anapata nafasi ya kuonyesha mzee aliyebaki na hasira peke yake, na ndiyo sababu kurudi kwake hakuchoshi.

Halafu anakimbia. Hakuna pambano la mwisho, na watu hukasirika wakidhani nakala yao imekatwa. Haijakatwa. Filamu hiyo ilitoka 1974, wakati hadithi ya michoro ya Koike Kazuo na Kojima Goseki, iliyozaa filamu hizi, iliendelea hadi 1976. Pambano liko huko, katika majuzuu 28 ya toleo la Kiingereza. Anza la kwanza, usirukie la mwisho: filamu zimechanganya mpangilio wa visa, na Retsudo wa kwenye karatasi ana mambo mengi ambayo kamera haikuyagusa.