Jibu: Faini zinakuja kwa namba ya pikipiki yangu, na mimi sikuwa huko

Pole sana ndugu. Kwa ulivyoeleza, pikipiki ilikuwa nyumbani siku hiyo na faini imekuja na picha, basi inaelekea kuna mtu amechonga kibao chenye namba yako.

Usikimbilie kulipa ili yaishe. Sehemu nyingi kulipa huhesabiwa kuwa umekubali kosa, na huyo jamaa ataendelea tu. Ila usikae kimya pia, kwani muda wa kupinga ukipita utabanwa.

Omba picha halisi ya kosa, uikuze. Tazama vioo, bomba la moshi, keria, taa ya nyuma, hata skrubu za kibao. Kisha piga picha ya pikipiki yako kwa pembe ileile, tofauti zionekane. Piga pia namba ya chesi (yaani fremu), mara nyingi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini. Kibao hughushiwa kirahisi. Chesi ni kazi ngumu zaidi.

Nenda polisi na kadi ya usajili, uandikishe taarifa, udai namba ya kumbukumbu. Nakala yake ipeleke kwa mamlaka ya usajili, uulize kuhusu kubadilishiwa namba. Bima nao wajulishe.

Ukikutana na hiyo pikipiki barabarani usiifukuze. Wanaoficha namba wengine ni waporaji (wengine wanakwepa kamera tu, lakini utajuaje?). Andika mahali na saa, piga simu polisi.

Ukiitwa kuhojiwa kwa jinai, au ukipata wito wa mahakama, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo.