Ufunguo anao nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: shule zetu za serikali ziongezewe kompyuta kwanza, au ziunganishiwe intaneti? Nafundisha sekondari ya kata, na swali limenigusa penyewe. Lakini mimi nina langu: hicho chumba cha kompyuta, ufunguo anao nani?

Kwetu zililetwa 20. Mtunza stoo alizipokea kwa saini, zikaingia kwenye leja, kila moja ikapigwa namba kwa rangi nyeupe. Basi, zikawa mali ya kulindwa. Kipanya kikipotea ataulizwa yeye, na mkuu wa shule. Siwalaumu. Vijana nikawafundishia manila: nilichora kibodi kwa makapeni, nikaibandika ubaoni, wakawa wanagusa herufi kwa rula.

Mwaka 2017 tukaambiwa wageni wanakuja. Tukafungua. Vitambaa tulivyozifunikia vimeganda vumbi, panya wametafuna nyaya za mtandao zilizolazwa sakafuni, na zilizowaka ni 11. Nikamkalisha binti mmoja wa kidato cha pili, hodari wa ile manila, aandike jina lake. Akabonyeza A. Hakuachia. Zikamwagika A mstari mzima, wa pili, wa tatu, mpaka akatoa mkono kama aliyeungua. "Mwalimu, nimeharibu?" Manila haikumfundisha kwamba kidole kinabonyeza na kuondoka. Nikamwambia hujaharibu kitu, futa, anza tena. Yuko herufi ya nne, tukaitwa kupanga viti. Wageni wakaingia, wakapiga picha, wakaaga. Jioni kufuli likarudi. Mkongo wa intaneti wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, binti yule yuko darasa la kwanza. Amemaliza kidato cha nne hajalimalizia jina lake.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msilete kompyuta wala intaneti, leteni fundi. Hata mmoja kwa kata, mwenye ajira, anayejua kubadilisha waya na mwenye ruhusa ya kuandika "kimeharibika kwa matumizi" bila mtu kuitwa ajieleze. Hilo bado nalisimamia.

Ila nawafikiria walimu wenzangu, usiku wanajaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwenye simu kwa bando la mfukoni. Chumba kile kingekuwa na intaneti, wao wenyewe wangeudai ufunguo kila siku baada ya vipindi, na mwalimu akiingia, mwanafunzi yuko nyuma yake. Basi niandikeni upande wa intaneti. Lakini malipo ya mwezi yasitoke kwenye ruzuku ya uendeshaji, maana hapo chaki na umeme wa LUKU tayari vinagombana. Shule ambazo umeme haujafika msizihesabu katika jibu langu, huko habari ni nyingine. Na nyaya zipite juu ukutani.