Kutafuta Chang'ombe kwa grep bila kugandishwa na terminali

Mkuu uliyekuwa unatafuta jina la eneo kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili), ukaandika grep 'Chang'ombe' wateja.csv ukaona terminali inakuonyesha > halafu kimya, haijaganda hiyo, inakusubiri wewe. Sheli (programu inayopokea amri zako kwenye terminali) ndo inasoma mstari kwanza kabla grep haijaona kitu, sasa alama ya kwanza (') imefungua, ile ya kwenye ng' ikafunga, ya mwisho ikafungua tena na hujaifunga. Piga Ctrl+C, zungushia alama mbilimbili: grep "Chang'ombe" wateja.csv.

Ila usizoee mbilimbili kila mahali maana ndani yake dola bado ina kazi yake. Mi niliwahi tafuta "US$500" nikaambulia patupu na data naiona kwa macho, kumbe sheli imeona $5 ikadhani nataka kitu cha tano nilichoipa skripti, sikuipa kitu, basi ikatafuta US00. Hapo ungeweka 'US$500' na -F (inatafuta herufi kama zilivyo).

Sasa mziki wenyewe ulikuja nilipokuwa nahesabu oda za duka moja kwa maeneo, Chang'ombe inaleta watu kiduchu wakati bodaboda wanashinda huko kutwa. Nimekesha aisee. Kumbe majina mengine yalichapwa Word, na Word ukiandika ritifaa (kale kakoma ka juu) inakapinda kanakuwa ’. Ukiangalia harakaharaka ni kilekile, ila nilivyopitisha xxd (inayoonyesha baiti za faili) ndo nikaona, kalikonyooka ni baiti moja, 27, kalikopinda ni tatu, e2 80 99. Nikaandika grep "Chang['’]ombe", idadi ikakaa sawa, nikalala.

Asubuhi ripoti ya cron (inayoendesha skripti yenyewe kwa ratiba) ina namba zilezile za kiduchu! Skripti ileile, faili lilelile. Cron hairithi mazingira ya terminali yako, LANG (inayosema lugha na aina ya herufi) haikuwepo, ikafanya kazi kwenye C, mpangilio wa msingi, na huko mabano ya mraba yanashika baiti moja tu, kwa hiyo ’ yenye tatu haiingii. Nikabadili: grep -E "Chang('|’)ombe", -E inafanya | imaanishe "au", hiyo inakubali kote. Siku hizi hata sihangaiki, nasafisha faili kwanza kwa sed "s/’/'/g" ndo mengine yafuate.

Kama maneno unayatoa kwenye orodha:

while read -r neno; do grep -cF -- "$neno" wateja.csv; done < maeneo.txt

-F inafanya nukta iwe nukta, bila hiyo ukitafuta 12.500 utaletewa na 127500. Zile -- ni kwa neno linaloanza na kistari, grep isidhani ni opsheni. Na -c inahesabu mistari, sio mara ngapi neno limetokea.

Halafu wapo wanaoandika Changombe bila alama yoyote, ni wengi kuliko unavyodhani, hao ongeza kiulizo tu, maana yake alama iwepo isiwepo ni sawa: "Chang('|’)?ombe", na -E usiisahau.