Mwanangu, kabla hujayalaumu maji ya Dodoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliufungua mbele ya babu yako. Nikauzima haraka, nikaenda kuusikilizia uani. Unauliza kwa nini kila mwezi, kama wiki moja kabla ya hedhi, mapaja na mikono inaumuka mabaka yanayowasha, kisha siku ya pili ya damu yanapotea kama hayakuwahi kuwepo. Wenzako wanasema ni maji ya chumvi ya huko Dodoma.

Maji hayo unayaoga mwezi mzima. Mbona yakuwashe siku saba tu?

Mimi nilipokuwa rika lako walisingiziwa kamba. Bibi yako akanipiga marufuku kamba, pweza, hadi mayai. Miaka miwili nimekula mchicha hapa Tanga, samaki wananipita mlangoni, na upele ukaja vilevile. Aliyenifumbua macho ni nesi mmoja mtu mzima wa zahanati. Aliniuliza siku zangu huanza lini, nikabaki nikimkodolea macho. Hakunipa hata kidonge. Alinirudisha nyumbani nikaweke alama kwenye kalenda: duara siku ya damu, mkato siku ya kuwashwa. Ilikuwa kalenda ya duka la unga, nimeitundika juu ya mtungi. Baada ya miezi mitatu mikato yote imejipanga kabla ya maduara, kama kuku wanaongoja pumba.

Alivyonieleza ni hivi. Yai likishatoka, mwili humwaga homoni iitwayo projesteroni. Hupanda kwa kama wiki moja, na mimba isipoingia hushuka, ndipo damu inatoka. Wapo wanawake ambao kinga ya mwili huigeukia homoni hiyo kama mgeni mbaya, na ngozi ndiyo inayolipa. Madaktari wameandika habari zake tangu 1921. Lakini ni nadra, kwa hiyo usijipachike ugonjwa huo kabla ya kupimwa. Walio wengi wana pumu ya ngozi au chunusi za siku zote, ambazo huchachamaa wakati huo.

Kuna jambo moja nataka ulichunguze. Ukiumwa tumbo la hedhi unameza nini? Dawa za maumivu nazo huweza kutoa baka, tena palepale kila mwezi, na likipona huacha alama nyeusi. Yako yanaanza kabla ya maumivu, kwa hiyo sidhani. Hata hivyo, andika jina la kila kidonge na siku uliyokimeza.

Mkorogo usiuguse. Najua pale sokoni wanauza krimu zinazotuliza mwasho siku moja. Nyingi zina steroidi kali, dawa za kuzima uvimbe na mwasho. Ngozi hulainika, halafu ikawa nyembamba na chunusi zikajaa. Jirani yetu uso wake umeuona.

Miezi miwili au mitatu ya alama ikitimia, ipeleke kalenda kwa daktari wa ngozi au wa wanawake. Huenda akaanza na dawa ya mzio kama setirizini. Isipofua dafu, wana njia za kuzuia yai lisitoke, lakini hizo ni za daktari, si za duka la dawa. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usingoje kalenda wala mimi: hospitali saa hiyohiyo.

Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, sindano au kijiti, mwambie daktari, maana humo mna homoni za jamii ya projesteroni. Mimi si lazima uniambie.

Mabaka yangu yaliniacha hedhi ilipokoma. Wewe usisubiri huko.

Kalenda nimeipakia kwenye basi la kesho, imeviringishwa ndani ya mfuko wa kamba wakavu. Nusu kilo. Wapike kwa nazi.

Mamako