Kwa maafisa mipango wapya: ujima si nguvu kazi ya bure

Ndugu zangu mnaoripoti kazini katika halmashauri za Mkoa wa Dodoma, katika maandiko ya miradi mtakutana mara nyingi na fungu la "nguvu za wananchi", yaani kazi na michango ya wanakijiji wenyewe, na mtaambiwa kwamba linatokana na mila zetu za kusaidiana. Nawasihi mlitazame kwa makini kabla ya kulitia saini, kwa sababu mila hizo zina pande mbili, nasi serikalini tumezoea kuchukua upande mmoja tu.

Katika ujima wa huku Ugogoni, anayewaita majirani wamlimie shamba la uwele huwaandalia chakula na pombe, naye anajua kwamba zamu yake ya kwenda kwa wenzake inakuja. Mfugaji anayeweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki wa kijiji kingine hujikinga na ukame usije ukamaliza zizi lote, na rafiki naye hupata maziwa. Ukiondoa kupeana huko, kinachobaki ni kodi isiyo na stakabadhi.

Historia ya mkoa huu inalionyesha jambo hilo kwa uchungu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisimama juu ya usawa na kufanya kazi kwa pamoja, lakini Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa kwa haraka na kwa maelekezo ya kutoka juu, hata wafugaji waliozoea kutawanyika kufuata malisho na maji. Naamini fikra ilikuwa njema. Kilichopungua ni ridhaa.

Leo chombo cha ridhaa kipo kisheria, nacho ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kibali chake kabla ya kugawa ardhi. Msiugeuze kuwa mahali pa kusomea maamuzi yaliyokwisha kufanyika, wala msiuitishe asubuhi ya Januari watu wakiwa kwenye palizi. Anzeni na mapato na matumizi ya mchango uliopita. Niliwahi kushuhudia mkutano uliopooza kabisa mpaka mama mmoja alipouliza yalikokwenda matofali waliyofyatua mwaka uliotangulia. Mtendaji akafungua daftari, akasoma yaliyojengewa, yaliyovunjika na yaliyosalia, na watu waliokuwa wameanza kuinuka wakarudi kukaa na kupangana siku za kusomba mchanga.

Katika kupangana huko walitaja wenyewe wazee na wagonjwa wasiopaswa kudaiwa chochote. Msamaha wa namna hiyo uandikwe katika muhtasari uleule unaopitisha mchango, la sivyo mgambo atakayetumwa kukusanya miezi mitatu baadaye atagonga mlango wa bibi kizee akiwa na orodha isiyoutaja.